Ile Meli Iliyolala Chini ya Fort Jesus

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juzi tuliingia Fort Jesus na familia, tukaona mitungi, kaure na vitu vingine vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama pale chini. Mjomba wangu anashikilia kwamba ni meli ya Vasco da Gama na kwamba ilijaa dhahabu. Dada yangu naye anasema haiingii akilini manowari izame mbele ya ngome yake yenyewe. Meli hii ilikuwa ipi hasa, ilifanya kazi gani, na ilikuwaje ikafia mlangoni? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mjomba, maana ndilo jepesi. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akakaa siku chache kwa mashaka, akang'oa nanga kuelekea Malindi. Meli unayoiuliza ilizama mwaka 1697. Hapo katikati pana miaka mia moja na tisini na tisa, na ngome yenyewe haikuanza kujengwa hadi 1593. Kwa hiyo mjomba amekosea, ingawa si kosa la ajabu. Watu wengi wa pwani wakisikia "meli ya Wareno" huona jina moja tu.

Jina lake ni Santo António de Taná. Santo António ni Mtakatifu Antonio, ambaye Wareno wanampenda kupita kiasi. Taná ni mji wa India unaoitwa leo Thane, kaskazini-mashariki ya Mumbai. Hapo ndipo penye ufunguo wa hadithi yote. Tumezoea kudhani meli ya Wareno imetoka Ureno, lakini hii iliundwa Bassein, mji wa pwani ya magharibi ya India uliokuwa mikononi mwa Wareno, na kazi yake ikamalizika kiasi cha mwaka 1681. Mbao zake ni msaji wa India, na mafundi wengi wa viwanda vya huko walikuwa Wahindi. Bendera ilikuwa ya Mreno, na amri pia. Mwili ulikuwa wa Bahari ya Hindi, kama majahazi yaliyokuwa yakitia nanga Lamu na Pate.

Kwa nini hawakuiagiza kutoka kwao? Safari ya Lisbon hadi Goa, makao makuu ya Wareno huko India, kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilichukua miezi sita ikienda vizuri, na mara nyingi haikwenda vizuri. Meli iliyofika ilikuwa imechoka, mabaharia wamekwisha kwa maradhi, na mbao zake za mwaloni zilikuwa chakula cha wale funza wa baharini wanaotoboa mbao. Msaji una mafuta yake ya asili. Huvumilia maji ya joto, hauozi upesi, wala hauli misumari ya chuma kama mwaloni unavyofanya. Wareno waliligundua hilo mapema sana, na kwa muda mrefu meli nyingi walizozitegemea upande huu wa dunia zilitoka kwenye viwanda vya Goa, Daman na Bassein. Mtu anayejua mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na kalafati (pamba ya kuziba nyufa) za jahazi la Lamu angeingia Bassein ya mwaka 1680 akaelewa nusu ya kazi bila mkalimani.

Wareno waliita aina hii ya meli fragata. Sisi tuiite frigeti, au manowari basi. Usiichanganye na zile nau, meli kubwa za shehena zilizobeba pilipili kwenda Lisbon, zenye tumbo pana na shetri, yaani sehemu ya nyuma, refu kama ghorofa. Frigeti ilikuwa nyembamba zaidi na fupi kwa kimo, nayo ilitengenezwa ili ikimbie na kupiga. Hii yetu ilichukua mizinga zaidi ya 40. Kwa Uingereza au Uholanzi wa zama zile hiyo ni meli ya kadiri tu. Lakini kwa Goa ya miaka ya 1680 na 1690 ilikuwa mali ya kuhesabiwa.

Maana hali ya Wareno ilikuwa mbaya, na huwezi kuielewa kazi ya meli hii bila kulijua hilo. Waholanzi walikuwa wamewanyang'anya Malacca mwaka 1641, Colombo 1656 na Cochin 1663. Waomani walikuwa wamewafukuza Muscat mwaka 1650, na hawakuishia hapo: mwaka 1668 walivuka bahari wakaupora mji wa Diu huko India. Mwaka 1683 Wamaratha, dola ya Wahindi iliyokuwa jirani, chini ya mfalme wao Sambhaji walifika hadi mlangoni mwa Goa. Milki iliyowahi kudai bahari nzima ilikuwa imebaki na vibanda vya pwani, na baina ya vibanda hivyo zikienda na kurudi frigeti chache. Ukipoteza moja, umepunguza ukuta.

Kazi ya frigeti za Goa ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kishujaa. Zilisindikiza misafara ya vyombo vya biashara, ambayo Wareno waliiita cáfila, neno lile lile la Kiarabu tunalolijua kama kafila. Zilizunguka kutafuta meli za Waomani. Zilipeleka askari, mchele, baruti na barua kwenye ngome za mbali, Msumbiji na Mombasa zikiwemo. Na katika enzi za nguvu zao, meli kama hizo zilisimamisha vyombo vya wengine na kudai kuona cartaz, hati ya ruhusa iliyouzwa na Wareno wenyewe. Asiye nayo alinyang'anywa shehena. Neno cartaz nalo limetoka kwenye qirtas ya Kiarabu, ndiyo karatasi yetu. Nahodha wa Kiswahili na afisa wa Kireno walikuwa wakigombania karatasi, kila mmoja akiitaja kwa neno la mzazi mmoja. Huwa nacheka peke yangu nikilikumbuka hilo.

Sasa tuje Mombasa.

Tarehe 13 Machi 1696 jeshi la Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, liliizingira Fort Jesus. Ndani mlikuwa na askari wa Kireno wachache, hesabu yao haizidi makumi, pamoja na mamia ya Waswahili waliokimbilia humo na watoto wao. Tusiiguse historia hii kana kwamba ilikuwa Wareno upande mmoja na Waislamu wa pwani upande mwingine. Pate ilikuwa upande wa Waomani. Faza, jirani na hasimu wake wa kisiwa kile kile, ilikuwa upande wa Wareno. Siasa za Lamu na visiwa vyake ziliingia ngomeni pamoja na wakimbizi.

Habari ilifika Goa, lakini upepo haukuwa tayari. Anayefikiri meli huondoka inapohitajika hajawahi kukaa na wazee wa bandari. Kutoka India kuja kwetu ni kaskazi, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Kabla ya hapo unapigana na upepo na mkondo kwa pamoja. Basi mji unazingirwa Machi, na msaada unaonekana Krismasi. Kikosi cha Luís de Melo de Sampaio, na Santo António de Taná ndani yake, kilifika Mombasa tarehe 25 Desemba 1696, miezi tisa na zaidi baada ya mzingiro kuanza.

Kilishusha watu na vitu, lakini vichache kuliko walivyotarajia waliokuwa na njaa, kisha meli zikaondoka kwenda Msumbiji. Wanahistoria wengi wamemlaumu de Melo de Sampaio kwa uoga, na mimi nakubaliana nao nusu. Ujasiri ulipungua, ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa na frigeti chache ambazo Goa isingeweza kuzilipia zikipotea alikuwa na sababu ya kuogopa mlango mwembamba wenye mizinga ya adui. Yaliyotokea baadaye yalimpa haki kwa namna ambayo hakuishi kuiona, kwa kuwa alifia Msumbiji.

Nyuma yao, ngomeni, yakaja maradhi. Mwaka 1697 tauni iliwala waliomo kuliko mizinga ilivyofanya. Tarehe 28 Agosti alikufa António Mogo de Melo, kiongozi wa mwisho wa Kireno aliyebakia. Aliyeshika ngome baada yake alikuwa Mwislamu wa Faza, Bwana Daud, pamoja na jamaa zake kadhaa, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake kiasi cha hamsini waliokuwa wakipanda ukutani kulinda zamu. Ukienda tena Fort Jesus, uyakumbuke hayo. Kwa wiki chache ngome ya Mfalme wa Ureno ilisimama kwa mikono ya Waswahili na wanawake wa Kiafrika, bila Mreno wa kuamuru.

Hapo ndipo Santo António de Taná inarudi. Ilitoka Msumbiji na kuingia katikati ya Septemba 1697, na upepo unaeleza tena kwa nini ni wakati huo: kutoka kusini unakuja na kusi, na Septemba ni demani, mwisho mpole wa kusi. Kapteni wake alikuwa Domingos Pereira de Brito. Ilipita mlango chini ya moto wa Waomani, ikatia nanga karibu na ngome, ikaanza kushusha watu, chakula na baruti.

Hapa dada yako ameuliza swali zuri, na linastahili kujibiwa polepole.

Bandari ile ya zamani ya Mombasa unaijua. Ni ulimi wa maji baina ya kisiwa na bara ya upande wa Nyali, na ngome imekaa mlangoni kama bawabu. Ukiwa umeishika ngome na mji pia, mahali hapo ni salama kabisa kwa meli. Ukiwa umeishika ngome peke yake, na mji uko kwa adui, basi umetia nanga ndani ya chumba ambacho kuta zake nyingine ni za mwenzako. Waomani walikuwa mjini na ng'ambo. Umbali wa mpigo wa mzinga ulitosha kabisa.

Tena meli ya matanga iliyotia nanga si ngome inayoelea. Mizinga yake imepangwa ubavuni, haigeuki. Kuielekeza ni lazima uigeuze meli nzima. Na meli iliyofungwa nanga moja humfuata bwana mwingine: maji. Yakijaa inageuza omo, yaani pua yake, upande huu, yakipwa inageuza upande ule, na Mombasa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo mkondo unaoingia na kutoka hapo mlangoni si mchezo. Mabaharia walijua dawa yake, kufunga kamba ya pili kutoka shetrini ili chombo kisimame kwa upande wanaoutaka. Lakini hapo umeongeza kamba, yaani umeongeza kitu kimoja zaidi cha kukatwa. Mnyororo wa nanga wa chuma haukuwa umezoeleka bado. Meli kubwa yote ilining'inia kwenye amari, ile kamba nene ya nanga, na pwani hii amari nyingi zilisokotwa kwa usumba wa nazi.

Tarehe 20 Oktoba 1697 mizinga ya Waomani ilikata amari.

Sidhani kuna haja ya kuipamba. Kamba ilikatika, mkondo ukaichukua, na kabla watu hawajaweza kutandaza tanga lolote meli ikapanda mwamba upande uliokuwa wa adui. Wareno hawakuiacha. Watu wa ngomeni walitoka wakapigana, wakaipata tena. Lakini usukani ulikuwa umekwenda. Meli ya matanga isiyo na usukani, ndani ya ulimi wa maji kama ule, msimu wa maleleji ukikaribia ambapo upepo hauna msimamo, haiwezi kutoka. Mtaani wangesema ilikuwa imeshakufa, imebaki kuzikwa. Iliburutwa hadi chini ya ngome, na hapo ikazama.

Kwa hiyo mwambie dada yako hivi: haikuzama licha ya kuwa karibu na ngome. Ilizama kwa sababu ya kuwa karibu na ngome. Ilikuja kuiokoa, na ili kuiokoa ilibidi isimame pale pale ambapo inaweza kupigwa. Kama ingekaa nje ya mwamba kwenye maji marefu, ingepona na isingekuwa na faida. Huo ndio ule uoga wa de Melo de Sampaio ukiutazama kwa upande wa pili.

Ngome haikudumu sana baada ya hapo. Msaada mwingine ulifika Desemba 1697, nao pia kwa kaskazi, lakini haukuuvunja mzingiro. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta na kuichukua, baada ya miezi 33. Waliokuwa bado wanaipigania ndani hawakufika ishirini. Wiki moja baadaye meli nyingine za Goa zilitokea kwa kaskazi ile ile, zikaiona bendera nyekundu ya Oman juu ya ngome, zikapita. Wareno waliirudia Mombasa kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa tena 1729. Bassein yenyewe, mama wa meli yetu, ilichukuliwa na Wamaratha mwaka 1739.

Na dhahabu? Mwanangu, hiyo ilikuwa meli ya misaada. Aliye ndani ya ngome anakufa kwa njaa na tauni humpelekei dhahabu. Unampelekea mchele, baruti, risasi na watu. Vitu vyenyewe vilivyotolewa vinasema hivyo hivyo: mitungi mikubwa ya kuhifadhia, vyombo vya kaure vya Kichina, vyungu vya India, risasi za mizinga, vifaa vya meli, na vitu vya mkononi vya watu waliokuwamo. Kwa maoni yangu vina thamani kuliko sanduku la sarafu. Sarafu ingekuambia mfalme alikuwa nani, jambo ambalo tunalijua tayari. Chungu kinakuambia mabaharia walikula nini na kilitoka kwa nani.

Vilitolewaje? Masalia yaligunduliwa na wazamiaji katika miaka ya 1960, wakati James Kirkman ndiye msimamizi wa Fort Jesus, ambayo ilikuwa imegeuzwa makumbusho muda mfupi kabla kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Kazi kubwa ilifanywa kati ya 1977 na 1980 na Taasisi ya Akiolojia ya Baharini kutoka Texas pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiongoza Robin Piercy. Walifanya kazi kwenye mteremko wa matope, zaidi ya mita 10 chini, katika maji ambayo bamvua likija huoni hata mkono wako. Walifyonza tope kwa mabomba, wakachora na kupiga picha kila ubao kabla ya kuugusa. Wakati huo meli chache sana za Kireno za karne ile zilikuwa zimechimbwa kwa utaratibu namna hiyo popote duniani, na wasomi wanaotafuta jinsi frigeti za India zilivyoundwa bado wanarudi kwenye michoro ya Mombasa.

Sehemu ya juu ilikwisha zamani. Kilichobaki ni tumbo la meli, mkuku na mataruma na mbao za chini, kwa sababu tope liliifunika na kuinyima hewa, na funza wa mbao hawaishi pasipo hewa. Baada ya kupimwa, mwili ulifukiwa tena pale pale.

Najua utauliza kwa nini hawakuinyanyua. Watu huniuliza kila mara, wengine kwa hasira, kana kwamba tumenyimwa. Mbao iliyokaa majini miaka mia tatu ina maji badala ya nguvu. Ukiianika jua la Mombasa inakunjamana na kupasuka kama ganda la muhogo. Waswidi walipoinyanyua manowari yao Vasa mwaka 1961, waliinyunyizia dawa ya kushika nafasi ya maji kwa miaka 17 mfululizo, wakaijengea jumba lake, na mpaka leo wanahangaika na asidi inayoila kwa ndani. Hiyo ni nchi tajiri, na bahari yake yenye chumvi kidogo haina funza hao. Kuifukia ya kwetu haikuwa uvivu. Tope lililoitunza tangu 1697 halidai mshahara wala umeme.

Ukirudi pale, usiishie kwenye makabati. Panda ukuta wa upande wa bandari maji yanapokupwa, uangalie mkondo unavyotoka mlangoni. Kisha tafuta mtumbwi uliotia nanga, uone unavyogeuka peke yake. Utaielewa tarehe 20 Oktoba kuliko nilivyoieleza mimi.

Na mjomba asivunjike moyo kabisa. Vasco da Gama kweli aliacha meli moja pwani yetu, ila si Mombasa. Akirudi kutoka India alikuwa amepoteza mabaharia wengi kwa kiseyeye hata hawakutosha kuendesha meli tatu, na Januari 1499 akaichoma moto São Rafael upande wa Tanga. Akitaka meli ya da Gama, aelekee kusini.